Soma Mkia wa Mshipi Kabla ya Kulipa



Katika mikutano yetu ya mialo, tangu Katunguru mpaka Katwe, swali moja hunijia kila mara. Baria husimama, huvua kofia, husema: "Mzee, mshipi wa tajiri umepotea ziwani. Nalipa mimi au analipa yeye?" Kwa miaka mingi nilijibu kama nilivyofundishwa kwenye semina: nenda kamweleze ofisa wa kazi wa wilaya. Jibu hilo si la uongo. Lakini ofisa yuko Kasese, baria yuko ufukoni, na hesabu ya samaki inafanywa asubuhi ileile juu ya mchanga. Kabla baria hajapata nauli ya pikipiki fedha imekwisha kukatwa.

Siku hizi najibu namna nyingine. Nasema: usikubali wala usikatae. Kwanza lete ncha ya mshipi tuisome.

Nazungumza juu ya mshipi wa ndoana nyingi, ule tunaotega usiku kwa kambare, kamongo na semutundu, na hasa ule uliotengenezwa kwa nailoni nene ya uzi mmoja, ngumu, inayong'aa kama kioo. Sizungumzi juu ya nyavu za nailoni ya namna hiyo. Hizo zimekatazwa nchini Uganda, na mwanachama akikamatwa nazo asilete jina la chama mbele ya askari. Nazungumza juu ya mshipi, ndoana, na fundo linaloviunganisha.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, maana sikujifunza jambo hili vitabuni. Mwaka 1999 nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, na ada ya kuendelea haikupatikana. Nikapanda mtumbwi katika mwalo mmoja wa Ziwa George. Mwenye mtumbwi alinipa roli mpya ya nailoni nene na ndoana mia mbili, akaniambia jioni tunatoka. Nilifunga kama nilivyojua, yaani kama mtu anavyofunga mbuzi. Roli moja haikutosha, nikaunga kipande cha pili kwa fundo hilohilo. Usiku wa tatu tulipovuta, mshipi ulikuja mwepesi. Nusu ilikuwa imekwenda, pamoja na boya lake na ndoana zake zote. Tajiri hakupiga kelele. Alitoa daftari tu akaandika. Wiki saba nilivua bila kuona shilingi, nikala samaki wa kuchemsha na kulala chini ya turubai.

Baadaye tulikuta kile kipande kimenaswa katika mafunjo. Mzee mmoja aliyekuwa amevua miaka mingi upande wa Kongo, huko Vitshumbi, alichukua ile ncha akaishika mbele ya uso wangu. Ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe. Akasema, "Huu haukukatika, kijana. Huu ulitoroka."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma mikia.

Basi sikilizeni, maana ndiyo sehemu ambayo kila baria aiweke kichwani. Nailoni ikitoroka ndani ya fundo, huvutwa kwa nguvu kupita kwenye mizunguko iliyobana, na ncha hutoka imejisokota, pindo juu ya pindo. Hiyo ni alama ya fundo lililoteleza. Nailoni ikikatika palepale kwenye fundo, ncha huwa fupi, haina msokoto mrefu, na mara nyingi imechanika au imekuwa nyeupe kidogo. Hiyo ni alama ya fundo lililojikaba lenyewe, au lililokazwa likiwa kavu. Na nailoni ikikatika mbali na fundo, katikati ya mshipi, usitazame fundo tena. Pitisha ukucha juu ya uzi uliobaki. Ukikwaruza, ukihisi vijipengo, au ukiona uzi umepoteza mng'ao na kuwa kama maziwa, huo ni uzi uliozeeka kwa jua au uliolika kwenye mawe na ubavu wa mtumbwi. Uzi mzee haukuzeeshwa na baria. Ulipaswa kubadilishwa na mwenye kuununua.

Mnaona sasa kwa nini nasema tusome kwanza? Ncha tatu, habari tatu. Tajiri huandika neno moja tu katika daftari: "Umepotea."

Kuna watakaosema kwamba mkia uliojisokota unamhukumu baria, na kwamba nimewapa matajiri fimbo ya kutupigia. Sikubali. Tujiulize kwanza fundo lile lilifungwa lini na kwa muda gani, ndipo tutafute mwenye kosa.

Nailoni nene haifanani na kamba ya katani wala na uzi wa kusokotwa. Kamba ya katani ina vinyweleo vinavyoshikana, hata fundo baya hudumu. Nailoni ya uzi mmoja ni laini kama mgongo wa kambare, tena ina ukaidi: ilikaa miezi ndani ya roli, basi inataka kurudi katika duara lake. Uzi mwembamba hutii vidole. Uzi wa unene wa milimita moja, unaoweza kuvumilia kilo arobaini na zaidi ukivutwa sawasawa, hautii. Ukiupiga fundo moja la kawaida, lile la kufungia mfuko, unaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu hiyo. Isitoshe, nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu kidogo. Kwa hiyo tajiri anayesema "nimekununulia mshipi wa kilo arobaini" hakukununulia kilo arobaini. Kilichomo ziwani ni kile fundo linachobakiza.

Vijana wengi wamejifunza fundo la kuzungusha: unapitisha ncha tunduni, unaizungusha mara tano au sita juu ya mshipi, unairudisha kwenye kitanzi, unavuta. Kwa uzi mwembamba ni fundo zuri. Kwa uzi mnene ni mtego, maana mizunguko sita haikazi. Unavuta mpaka mishipa ya shingo inasimama, unadhani limekaa, kumbe ndani kuna nafasi, na samaki ndiye atakayemalizia kulikaza usiku. Mkitaka kutumia fundo hilo juu ya uzi mnene, punguzeni mizunguko iwe mitatu tu, na mhakikishe kila mzunguko umelala mahali pake.

Mimi kwa ndoana nafunga shinani. Pitisha ncha katika tundu, iteremshe kando ya shina la ndoana, kisha ipandishe tena ili kibaki kitanzi kidogo chini, karibu na pindo. Sasa zungusha ncha kuzunguka shina pamoja na nyuzi zilizolala hapo, ukianzia karibu na tundu na kushuka, mara sita, mizunguko ikikaa bega kwa bega bila kupandana. Ingiza ncha katika kitanzi. Lowesha. Vuta mshipi polepole mpaka kitanzi kimebana ncha na mizunguko imeshikana na chuma. Fundo hili halitegemei ukingo wa tundu, ambao katika ndoana za bei rahisi huwa mkali kama wembe. Linashika chuma chenyewe, na samaki akivuta, nguvu hupita sawa na shina. Tena linafaa kwa zile ndoana zisizo na tundu, zenye kichwa bapa, ambazo mafundo mengine hayazishiki kabisa.

Kwa kuunga vipande viwili, kosa langu la mwaka 1999 lilikuwa kufunga ncha mbili pamoja kama mzigo wa kuni. Njia nzuri ni kulaza nyuzi mbili sambamba, kila moja ikitazama upande wake, kisha kila ncha ipige kitanzi na kuuzunguka uzi wa mwenzake mara tatu ndani ya kitanzi hicho. Utapata mafundo mawili yanayoteleza. Yaloweshe, uyavute yakutane na kukabana. Kila moja humzuia mwenziwe asitoroke.

Na kwa kitanzi cha kuning'inizia nyuzi fupi juu ya mshipi mkuu, kunja uzi, piga fundo la kawaida, lakini kabla ya kulikaza pitisha kitanzi mara ya pili. Ni mzunguko mmoja tu wa ziada, na tofauti yake ni kubwa.

Neno "lowesha" nimelirudia makusudi. Fundo la nailoni likikazwa kavu, uzi husugua uzi na kuzaa joto, na joto hilo huuchoma uzi mahali ambapo macho hayaoni. Maji ya ziwa yanatosha, na mate yanatosha. Kaza polepole, halafu jaribu: tundika ndoana kwenye msumari uliopigwa katika mti, vuta kwa uzito wa mwili bila kushtua. Mkia uache ubaki kama unene wa kidole, usiukate mpaka shingoni.

Kamwe usizungushe nailoni mkononi ili uivute. Hapa sitazungumza mengi. Nina kovu linalopita katikati ya kiganja cha kulia, na kidole changu cha mwisho hakikunjiki. Tumia kipande cha mti au koleo la fundi, na shika ndoana kwa kitambaa kinene. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inasema vifaa vya kujikinga hutolewa na mwajiri bila malipo. Glavu ya mpira si anasa, bei yake haifikii bei ya samaki mmoja mkubwa.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo shabaha yangu. Chukua mshipi wa ndoana mia tatu. Kila ndoana ina fundo lake shinani, na uzi wake mfupi una fundo jingine pale unapokutana na mshipi mkuu. Hayo ni mafundo mia sita. Fundo la uzi mnene, likifungwa kama nilivyoeleza, likaloweshwa, likakazwa, likajaribiwa, haliwezi kuchukua chini ya dakika mbili kwa mkono uliozoea. Mia sita mara mbili ni dakika elfu moja na mia mbili. Yaani saa ishirini. Siku mbili na nusu za kazi ya saa nane, mtu amekaa chini ya mti, mgongo umeinama, vidole vinauma.

Nani analipa saa hizo ishirini? Hakuna. Baria hulipwa kwa mgawo wa samaki, na samaki hawajavuliwa bado. Kwa hiyo baria anaharakisha. Anafunga jioni mtumbwi ukiwa tayari kutoka, anafunga kwa tochi, anawapa watoto wamsaidie. Nimeona watoto wa shule wakifunga ndoana saa tatu za usiku, mmoja ana umri wa mjukuu wangu. Halafu fundo linateleza, na tajiri anasema ni uzembe.

Marehemu baba yangu alifanya kazi katika machimbo ya shaba ya Kilembe mpaka uchimbaji uliposimama mwaka 1982. Alikuwa akisimulia kwamba kule chini hakuna aliyeshuka kabla kamba za chuma hazijakaguliwa, na aliyekagua alilipwa kwa kukagua. Hakuna aliyemwambia mkaguzi kwamba kazi yake itaanza kuhesabiwa shaba itakapotoka. Ziwani tumekubali jambo ambalo wazee wetu mgodini hawakulikubali. Tena wao walikuwa na chama chenye nguvu, na sisi tumetawanyika mwalo kwa mwalo, mtumbwi kwa mtumbwi.

Tajiri ana jibu lake, nalijua kwa moyo: "Baria si mfanyakazi wangu. Ni mshirika, tunagawana." Vizuri. Mshirika hugawana faida na hasara. Lakini daftari linaonyesha kwamba faida hugawanywa baada ya kutoa mafuta, chambo na sehemu ya mtumbwi, na hasara ya mshipi huandikwa kwa jina la baria peke yake. Ushirika wa namna hiyo ni wa upande mmoja. Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unaohusu kazi ya uvuvi, umemhesabu kuwa mvuvi hata yule anayelipwa kwa mgawo wa samaki. Waliouandika waliujua ujanja huo kabla yetu. Na Sheria ya Ajira yetu ya 2006 haimruhusu mwajiri kukata ujira kama apendavyo. Ndiyo maana baadhi yao hawapendi neno "mwajiri".

Nisije nikaonekana nasema upande mmoja tu. Wapo wenye mitumbwi ambao ni maskini kama sisi, mjane mwenye mtumbwi mmoja na deni la benki ya kijiji, naye akipoteza mshipi analala njaa. Wapo pia mabaria ambao wamekunywa waragi kabla ya kufunga, nao fundo lao hata mbuzi halimshiki. Huyo simtetei. Lakini kumkata mtu mshahara hakumfundishi kufunga. Mimi nilikatwa wiki saba, na fundo nikafundishwa na mzee asiyenikata kitu.

Kuna jambo baya zaidi ya fedha. Ziwa Edward tunaligawana na Kongo, na mpaka hauna ukuta wala kamba. Mshipi ukiteleza usiku, boya husukumwa na upepo. Baria anayejua kwamba ataulipa mshipi huo hafikiri mpaka, anafikiri daftari. Anaufuata. Wenzetu wangapi wamekamatwa ng'ambo? Watu wa Katwe na Kayanja wanajua, familia zinauza mbuzi kumkomboa mtu. Julai 2018 damu ilimwagika katika maji hayo kati ya askari wa nchi mbili. Na upande huu wetu, katika mlango wa Kazinga na kandokando ya Ziwa George, viboko hawaulizi kama ulikuwa unatafuta boya. Ukifuatilia sababu ya safari hizo za usiku, mara nyingi mwanzo wake ni fundo lililofungwa haraka kwa kuwa halikulipiwa, na makato yanayomngoja mtu ufukoni.

Hata akina mama wa Bwera wanaguswa. Wapo wanaongoja samaki huyo wamkaushe na kumtia chumvi ya Katwe, wampeleke soko la Mpondwe. Mshipi ukipotea kapu lao nalo halijai, ingawa jina lao halimo katika daftari lolote.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua hata ndani ya chama wako wasioyapenda kwa kuwa wanaona ni madogo mno. Tunapokaa na wenye mitumbwi, tusianze na maneno makubwa ya unyonyaji. Tuanze na mshipi. Saa za kufunga ziwekwe katika hesabu, ama kwa malipo ya kila mia ya ndoana, ama kwa kutoa fungu lake juu kabla ya mgawo, kama yanavyotolewa mafuta. Mshipi mpya utolewe siku tatu kabla ya kutoka, si jioni. Uzi uliopoteza mng'ao ubadilishwe kwa gharama ya mwenye nao, na siku ya kununuliwa iandikwe ili kesho tusibishane umri wake. Na hakuna kukata ujira wa mtu mpaka ncha imesomwa mbele ya watu watatu: mmoja wa tajiri, mmoja wa mabaria, na mmoja wa kamati ya mwalo. Ncha ikionyesha uzi mzee, tajiri anabeba. Ikionyesha fundo lililoteleza, na muda wa kufunga ulitolewa na kulipwa, hapo tutazungumza juu ya uzembe, nami nitakuwa wa kwanza kumwambia ndugu yetu kwamba amekosea. Lakini kama muda haukulipwa, fundo hilo ni la wote wawili.

Mwalo mmoja umeanza kujaribu. Hawajakubali malipo ya kufunga, wamekubali kusoma ncha tu. Mwenye mitumbwi mmoja alicheka sana siku ya kwanza, akasema chama sasa kimekuwa waganga wa ramli. Wiki iliyofuata alisomewa ncha nyeupe iliyokwaruzika kama msasa, akanyamaza, akaenda dukani.

Ninaomba kila tawi litafute kopo la maziwa lenye kifuniko. Mshipi ukikatika, kata kipande cha urefu wa mkono kutoka upande uliobaki, kifungie karatasi yenye tarehe na jina la mtumbwi, ukitie ndani. Msikinyooshe wala msikichome moto ncha. Katika mzunguko wangu ujao nitapita njia panda ya Kikorongo kwenda Katwe, kisha Kayanja, na kurudi kwa njia ya Hamukungu. Nitakuja na roli ya nailoni nene, msumari, na kipande cha mti cha kuvutia. Wenye makopo waje nayo, na wale wanaosema fundo lao haliteletezi kamwe waje na ndoana zao.